Jalada Lililorudi, Barua Zilizofungwa

Oktoba 21, 1997, ndani ya Bunge la jimbo la Uttar Pradesh mjini Lucknow, waheshimiwa waling'oa vipaza sauti mezani wakaanza kurushiana. Picha za tukio lile bado zinapatikana mtandaoni. Kuna waliojibanza chini ya meza, kuna waliojikinga kwa chochote kilichokuwa karibu, kuna waliotoka wakivuja damu. Ilikuwa siku ya kura ya imani. Chama cha Bi. Mayawati kilikuwa kimejitoa kwenye muungano, na Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, Kalyan Singh, alitakiwa athibitishe kwamba bado ana wabunge wa kutosha. Upinzani ulisusa, naye akapata kura 222 katika bunge la viti 425.

Gavana wa jimbo hakuridhika. Alipendekeza serikali ile iondolewe na jimbo liwekwe chini ya serikali kuu. Mjini New Delhi, Baraza la Mawaziri la Waziri Mkuu I. K. Gujral lilikutana, likakubaliana naye, na jalada likapelekwa Ikulu ili rais atie saini.

Rais hakutia saini.

Alilirudisha, akawataka mawaziri walifikirie tena. Nao wakalifikiria, wakaliacha.

Rais huyo alikuwa Kocheril Raman Narayanan, na alikuwa hajatimiza hata miezi mitatu madarakani. Kwa majuma kadhaa sasa nimeshindwa kumtoa akilini. Kilichonishika si ujasiri wa siku ile, ingawa ninauheshimu sana. Ni kile kilichotokea mwaka 2002, mtu akiwa yuleyule, ofisi ileile, katiba ileile, na safari hii zaidi ya watu 1,000 wakafa.

Kuuliza mara moja

Sisi wa Afrika Mashariki tukisema rais, tunamwona mtu anayeunda baraza, anayeteua na kutengua, anayeweza kulala na kuamka wakuu wa mikoa wakawa wengine. Rais wa India si huyo. Mwenye serikali ni Waziri Mkuu. Rais hutenda kwa ushauri wa Baraza la Mawaziri, na ushauri huo ni amri iliyovaa nguo za heshima.

Usiku wa Juni 25, 1975, Rais Fakhruddin Ali Ahmed aliletewa tamko la hali ya hatari kutoka kwa Waziri Mkuu Indira Gandhi. Baraza la Mawaziri lilikuwa halijakutana. Akasaini. Mawaziri wakaja kuarifiwa asubuhi, wakati viongozi wa upinzani tayari wako mahabusu. India iliishi hivyo kwa miezi 21, magazeti yakikaguliwa kabla ya kuchapishwa, na katikati ya kipindi hicho, mwaka 1976, katiba ikarekebishwa ili iandikwe bila kificho kwamba rais ni lazima afuate ushauri anaopewa.

Indira alishindwa uchaguzi wa 1977. Waliomrithi wakaifungua tena Ibara ya 74 mwaka 1978 na kuongeza sentensi moja: rais anaweza kulitaka Baraza litafakari upya ushauri wake. Wakimletea tena, hata kama hawakubadilisha nukta, anasaini.

Ukiisoma hivyo, ni haki ndogo mno. Haizuii kitu. Haipindui uamuzi. Inampa mtu nafasi ya kuuliza, "Mna hakika?" na baada ya hapo anyamaze. Kwa jambo la kuziondoa serikali za majimbo, ambalo Delhi ililifanya mara nyingi tangu uhuru na mara nyingi kwa visingizio vyepesi, hakuna rais aliyewahi kurudisha jalada kabla ya Narayanan. Yeye mwenyewe ni mtu wa Kerala. Julai 1959 serikali ya Wakomunisti ya jimbo lake, iliyochaguliwa kwa kura, ilifukuzwa kwa njia hiyohiyo.

Nimejiuliza kwa nini mwaka 1997 swali moja lilitosha. Sehemu ya jibu ni sheria. Mwaka 1994, katika kesi ya S. R. Bommai, Mahakama ya Juu ilikuwa imeshasema kwamba wingi wa serikali hupimwa ndani ya bunge, si sebuleni kwa gavana. Kalyan Singh alikuwa amepimwa bungeni, hata kama upimaji wenyewe ulifanyika katikati ya damu na viti vilivyovunjika. Rais alikuwa na hukumu nyuma yake.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonichukua muda kuiona.

Watu walijua.

Jalada lilirudi hadharani. Magazeti yalijua, upinzani ulijua, na kila waziri aliyeketi kulijadili kwa mara ya pili alijua kwamba nchi nzima inamtazama. Kuanzia hapo swali la rais lilikuwa la kila mtu, na mawaziri wakawa na wa kumjibu.

Aliyesomea nje ya darasa

Hadithi ya utotoni mwake husimuliwa sana India, kwa hiyo nitachukua vipande viwili tu.

Alizaliwa kijiji cha Uzhavoor, katika ufalme wa Travancore wa wakati huo, kwenye familia ya Paravan, watu waliohesabiwa kuwa wasioguswa. Baba yake alikuwa mganga wa mitishamba. Hakuna aliyeweka kumbukumbu ya tarehe yake ya kuzaliwa. Mjomba aliyempeleka kuandikishwa shule alichagua tarehe kwa kukisia tu, Oktoba 27, 1920, na Narayanan akaishi nayo mpaka kwenye hati za kidiplomasia na za Ikulu. Hakuibadilisha hata alipokuwa na uwezo wa kubadilisha chochote.

Kipande cha pili ni kaka yake. Narayanan alitembea kilomita nyingi kila siku kupita mashamba ya mpunga hadi shuleni, na ada ilipokosekana alisimama nje na kusikiliza somo kutokea huko. Vitabu hakuwa navyo. Kaka yake Neelakantan, aliyekuwa akikaa nyumbani kwa sababu ya pumu, aliazima vitabu vya wanafunzi wengine, akavinakili kwa mkono, akampa mdogo wake.

Mtu yuko kitandani, kifua kimebana, na anaandika kitabu kizima ili mwenzake asome. Mara nyingi ninaposoma kuhusu Narayanan macho yangu hurudi kwa huyu kaka kuliko kwa rais mwenyewe.

Ninakwepa kwa makusudi ule usemi wa kutoka kibandani hadi Ikulu. Unapendeza kusimuliwa, na India ilipomchagua mwaka 1997, mwaka wa hamsini wa uhuru, ilijipongeza sana kwa usemi huo. Lakini unaficha jambo. Mamilioni ya watoto wa Dalit, hao waliohesabiwa kuwa wasioguswa, walisimama nje ya madarasa, na walibaki nje. Narayanan alilijua hilo na alilisema. Januari 25, 2000, katika hotuba ya mkesha wa sikukuu ya Jamhuri, aliionya nchi ijihadhari na ghadhabu ya watu wavumilivu walioteseka muda mrefu. Rais mwingine angesoma shukrani na salamu.

Barua mfukoni

Alipata shahada ya fasihi ya Kiingereza akiwa wa kwanza chuoni, akafanya uandishi wa habari kidogo, na mwaka 1945 akamhoji Mahatma Gandhi. Mwaka huohuo akaenda London kusoma chini ya Harold Laski, msomi wa siasa, kwa ufadhili wa Tata. Alipokuwa anarudi nyumbani, Laski alimpa barua ya kumtambulisha kwa Nehru, Waziri Mkuu wa kwanza wa India.

Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe. Alipata miadi, wakazungumza mambo ya London na mengine ya kawaida, na muda ukaisha. Alipoinuka kuaga ndipo akampa Nehru ile barua, akatoka. Alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi mrefu wa duara aliposikia mtu anapiga makofi nyuma yake. Nehru alikuwa ameifungua barua na sasa anamwita arudi. Alimuuliza kwa nini hakuitoa mapema. Narayanan akaomba radhi, akaeleza kwamba aliona inatosha kuikabidhi wakati wa kuondoka.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi kwa sababu naona mtu mzima ndani yake. Mwenye silaha bora mezani, na hakuitoa mpaka mwisho. Adabu hiyo ilimfungulia mlango wa wizara ya mambo ya nje mwaka 1949. Kuna wakati adabu hiyohiyo inakuwa kuchelewa.

Miaka ya ubalozi nitaipita haraka. Rangoon ndiko alikokutana na Ma Tint Tint, Mburma aliyekuja kuitwa Usha, na ilibidi Nehru atoe kibali maalumu kwa sababu mwanadiplomasia hakuruhusiwa kuoa raia wa nje. Alikwenda Thailand, Uturuki, kisha China mwaka 1976, balozi wa kwanza wa India huko baada ya miaka 15 ya uhusiano uliovunjika kwa vita na mipaka. Akaongoza Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, akawa balozi Marekani, na mwaka 1984 akaingia bungeni kupitia Ottapalam, Kerala, kwa tiketi ya Congress. Alishinda mara tatu mfululizo. Mwaka 1992 akawa Makamu wa Rais, na Desemba ya mwaka huo, msikiti wa Babri ulipobomolewa Ayodhya, alisema hilo ni janga kubwa kuliko yote yaliyoipata India tangu kuuawa kwa Gandhi.

Alisema papo hapo, na alisema hadharani. Nililiwekea alama hilo.

Rais anayefanya kazi

Mwenyewe alikataa kuitwa rais mtendaji, akakataa pia kuwa muhuri wa kugonga tu. Alisema yeye ni rais anayefanya kazi.

Februari 1998 alipanga foleni kwenye kituo cha kura kilichokuwa shuleni, ndani ya eneo la Ikulu, akapiga kura kama wakazi wengine. Marais waliomtangulia walikuwa hawapigi kura wakiwa madarakani; iliaminika kwamba mkuu wa nchi hapaswi kuonyesha kuegemea upande. Yeye alijiona raia kwanza.

Uchaguzi ule haukumpa mtu wingi wa kutosha. Kabla ya kumwita Atal Bihari Vajpayee wa BJP, chama cha Kalyan Singh, aunde serikali, Narayanan alitaka barua za kuungwa mkono kutoka kwa vyama rafiki, kisha Ikulu ikatoa taarifa kueleza sababu za uamuzi wake. Huo ukawa mtindo wake: uamuzi na sababu, vyote mezani, wananchi wasome. Mwaka uliofuata chama cha Jayalalithaa, mshirika katika muungano huo, kilipojitoa, alimtaka Vajpayee aombe kura ya imani. Aprili 17, 1999 serikali ilianguka kwa kura 269 dhidi ya 270. Congress nayo iliposhindwa kukusanya idadi, alilivunja Bunge. Hakumbeba Vajpayee, wala hakukibeba chama chake cha zamani.

Jimboni Bihar ndiko mambo yanakokuwa magumu kwangu. Septemba 1998 serikali ya Vajpayee ilitaka kumwondoa Waziri Kiongozi Rabri Devi. Jalada likaja, na Narayanan akalirudisha, kama la Lucknow. Wale walioshangilia mwaka 1997 sasa walinuna, na walionuna wakashangilia. Kisha, mapema mwaka 1999, genge la wenye ardhi likawaua wanakijiji wa Dalit huko Shankarbigha, na wiki mbili hivi baadaye wengine Narayanpur. Serikali ikaleta ushauri uleule upya. Safari hii akasaini. Wiki chache baadaye tamko likaondolewa kwa sababu serikali haikuwa na kura za kulipitisha kwenye baraza la juu la Bunge, na Rabri Devi akarudi ofisini.

Je, alisaini kwa sababu katiba sasa ilimfunga, au kwa sababu waliouawa walikuwa watu wake? Nilihangaika na swali hilo, halafu nikaona linamwonea. Hakuna anayemuuliza rais wa tabaka la juu kama alisaini kwa ajili ya watu wake. Sheria ilimtaka asaini, na maiti zilikuwepo. Nimeridhika na hilo.

Miezi mitano ya mwisho

Februari 27, 2002, behewa la treni ya Sabarmati Express liliungua karibu na kituo cha Godhra, jimboni Gujarat. Watu 59 walikufa, wengi wao mahujaji wa Kihindu waliokuwa wakitoka Ayodhya. Kuanzia siku iliyofuata mauaji yakaenea Ahmedabad, Vadodara na vijijini. Kwa hesabu ya serikali yenyewe waliouawa walizidi 1,000, na sehemu kubwa walikuwa Waislamu.

Narayanan alibakiza miezi mitano Ikulu.

Hapa hapakuwa na jalada la kurudisha. Ibara ya 74 inampa rais nafasi ya kuuliza anapoletewa jambo. Haisemi afanye nini pale serikali inapokuwa haileti kitu kabisa. Hadharani alitoa maneno ya huzuni na ya kuwasihi watu. Nyuma ya pazia, kama alivyokuja kueleza mwaka 2005 katika mahojiano, alimwandikia Vajpayee barua kadhaa na kuzungumza naye ana kwa ana. Alisema alitaka jeshi lizime ghasia. Alisema jeshi lilipelekwa lakini halikupewa ruhusa ya kufyatua risasi, na kwamba lingepewa, maafa mengi yangeepukika. Alikwenda mbali zaidi na kusema aliona njama ya pamoja ya serikali ya jimbo na serikali kuu.

Haya ni madai yake, na ni mazito. Waziri Kiongozi wa Gujarat wakati ule, Narendra Modi, amekana lawama hizo siku zote, na timu ya uchunguzi iliyoundwa na Mahakama ya Juu haikupata ushahidi wa kumshtaki. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliukubali uchunguzi huo. Sina ushahidi wa kuongeza.

Kinachonikera ni barua.

Mtu aliyefundisha nchi nzima kwamba rais hueleza sababu zake mbele ya watu, kwenye jambo kubwa kuliko yote ya utawala wake aliandika kwa siri, na siri ikakaa miaka mitatu. Najaribu kumwelewa. Rais anayemlaumu Waziri Mkuu wake hadharani wakati mitaa inawaka anaweza kumwaga petroli. Angeweza pia kuambiwa anataka kipindi cha pili, maana jina lake lilikuwa likitajwa. Huenda aliamini kwamba neno la faragha kwa Vajpayee, mtu aliyemfahamu miaka mingi, lingefika mbali zaidi.

Hata hivyo bado sikubali. Swali la Lucknow lilifanya kazi kwa sababu kila mtu alilisikia. Barua za Gujarat zilikuwa swali lilelile lililoulizwa chumbani, na chumbani Waziri Mkuu anaweza kuikunja barua, akaiweka, akaendelea na ratiba yake. Angeweza kutoa taarifa moja ya kurasa mbili, kama alizotoa wakati wa kuunda serikali, ikiwa na tarehe za barua na alichoomba. Hakuna kipengele cha katiba ambacho kingevunjika kwa yeye kusema, "Nimeomba jeshi lipewe amri kamili." Julai 25, 2002 alimkabidhi A. P. J. Abdul Kalam ofisi, akaenda zake.

Kifungu cha pili

Narayanan alifariki New Delhi Novemba 9, 2005, miezi michache baada ya mahojiano yale. Mahojiano yenyewe yalizua ombi la kawaida kabisa: barua zitolewe, tuzisome. Serikali ikakataa. Tume Kuu ya Habari, inayosikiliza rufaa za wanaonyimwa taarifa za serikali, ilipoagiza mwaka 2006 barua ziletwe mbele yake izikague, serikali ikaenda mahakamani. Wala haikuwa tena serikali ya Vajpayee. Congress walikuwa wamesharudi madarakani tangu 2004, chama cha Narayanan mwenyewe, nao wakazilinda.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Delhi ikalitengua agizo la Tume. Miongoni mwa nguzo za hukumu hiyo ilikuwa Ibara ya 74.

Ibara ileile. Kifungu chake cha kwanza ndicho kilichomwezesha Narayanan kulirudisha jalada la Lucknow. Kifungu cha pili kinasema mahakama haiwezi kuchunguza ushauri ambao mawaziri walimpa rais. Barua za Gujarat zilielekea upande wa pili, kutoka kwa rais kwenda kwa Waziri Mkuu, lakini mahakama ilizichukulia kama sehemu ya mashauriano hayo, na mlango ukafungwa. Naamini ilikosea. Kinga hiyo inamruhusu waziri amshauri rais bila woga wa kuburuzwa mahakamani. Sioni vipi imlinde Waziri Mkuu dhidi ya maneno ambayo rais mwenyewe, akiwa hai na mwenye akili timamu, aliamua kuyatangaza.

Aliyeziandika hayupo. Vajpayee, aliyeandikiwa, alifariki mwaka 2018. Waliofiwa Godhra, Ahmedabad na Vadodara wengi wao bado wapo, na wana haki ya kujua rais wao aliomba nini, aliomba lini, na alijibiwa nini.